Masista wa Mitaani: Utawa, Umaskini wa Mijini na Somo la Mukuru kwa Kenyenya

Nyanda za juu za Gusii ni miongoni mwa sehemu za mashambani zenye msongamano mkubwa wa watu nchini Kenya. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, 131,740 kati yao wakiwa wakazi wa kaunti ndogo ya Kenyenya, na kwa wastani kila kilomita ya mraba ya kaunti hiyo ilibeba watu zaidi ya 900. Shamba ambalo babu alilima chai, ndizi na mahindi limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi kipande anachorithi kijana wa leo hakitoshi kulisha nyumba yake. Anayekosa ardhi huelekea sokoni, akapanga chumba kimoja karibu na stendi na kuishi kwa bodaboda, kwa kuuza mboga au kwa vibarua, au hupanda basi kwenda Nairobi, ambako kodi anayoimudu humpeleka moja kwa moja kwenye mitaa ya mabanda. Umaskini wa mjini una sura tofauti na ule wa shambani, kwa sababu maskini wa mjini hununua kila kitu, maji na kuni vikiwemo, na mara nyingi hukaa mbali na ukoo ambao ungemsimamia anapougua au anapofiwa.

Miongoni mwa walioitikia hali hiyo mapema na kuishi nayo kwa muda mrefu ni watawa wa kike wa Kanisa Katoliki, ambao watu wengi huwaita masista. Kazi yao huonekana kwa urahisi, yaani zahanati, shule na uji wa watoto, lakini utaratibu unaoiwezesha kazi hiyo kudumu haufahamiki sana. Makala haya yanaeleza utaratibu huo, yakichukua mfano wa mtaa wa Mukuru jijini Nairobi, kisha yanatazama maana yake kwa miji midogo ya Gusii kama Kenyenya, ambayo ndiyo kwanza inaanza kuzaa mitaa ya wapangaji maskini.

Sista ni nani

Sista ni mwanamke Mkatoliki aliyeingia katika shirika la kitawa, yaani jumuiya inayotambuliwa na Kanisa, yenye katiba yake na viongozi wake, na akaahidi kuishi humo kwa nadhiri tatu: ufukara, usafi wa moyo na utii. Hana daraja takatifu kama padri, kwa hiyo haadhimishi misa wala haungamishi. Hata hivyo maisha yake yamefungwa na sheria kwa kiwango ambacho muumini wa kawaida hakijui. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unataka kila anayeingia apitie unovisi, yaani kipindi cha malezi na majaribio kisichopungua miezi 12, kisha afunge nadhiri za muda kwa miaka isiyopungua mitatu, ndipo aruhusiwe kufunga nadhiri za daima. Kwa kuwa unovisi hutanguliwa na kipindi cha maandalizi, na mara nyingi hufuatwa na masomo ya ualimu, uuguzi au ustawi wa jamii, safari yote huchukua miaka mingi.

Kati ya nadhiri hizo, ufukara ndio wenye matokeo makubwa ya kiuchumi, ingawa hauzungumzwi sana kwa upande huo. Sheria inasema kwamba chochote anachopata mtawa kwa kazi yake ni mali ya shirika, kwa hiyo mshahara wa sista mwalimu aliyeajiriwa na serikali huingia katika mfuko mmoja, na mfuko huohuo humtunza sista muuguzi ambaye wagonjwa wake hawana cha kulipa, sista mzee aliyestaafu na msichana aliye katika malezi. Utii nao hufanya kazi yake, kwa maana sista anaweza kuhamishwa wakati wowote, lakini jumuiya aliyoiacha hubaki pale pale na kumpokea mwingine. Miradi mingi ya misaada hufungwa pindi mkataba wa wafadhili unapokwisha au mwanzilishi anapoondoka, ilhali nyumba ya masista imeundwa tangu mwanzo ili iendelee baada ya mwanzilishi wake kuondoka.

Haki ya masista kutembea mitaani haikupatikana bure. Mwaka 1298 Papa Bonifasi wa Nane aliamuru watawa wote wa kike wakae ndani ya kuta za monasteri zao, na kwa karne nyingi sheria hiyo ilimzuia mwanamke mwenye nadhiri kuwafuata wagonjwa na maskini walikoishi. Mwaka 1633 nchini Ufaransa, Vinsenti wa Paulo na Luisa de Marillac waliikwepa sheria hiyo kwa kuanzisha Mabinti wa Upendo, waliofanya kazi za masista bila kuitwa watawa. Mwaka 1827 Catherine McAuley alifungua nyumba ya wanawake na watoto maskini jijini Dublin, na mwaka 1831 akaanzisha Masista wa Huruma, ambao walizoea sana kuzunguka mitaani hata wakabandikwa jina la watawa wanaotembea. Ni mwaka 1900 tu ambapo Papa Leo wa Kumi na Tatu aliyatambua rasmi mashirika ya namna hiyo kuwa sehemu kamili ya maisha ya kitawa. Hata baada ya hapo, masista waliendelea kukatazwa kazi ya ukunga hadi mwaka 1936, Roma ilipoondoa zuio hilo baada ya kusukumwa na mahitaji ya akina mama katika nchi za misheni.

Kutoka Zanzibar hadi Nyabururu

Katika Afrika Mashariki masista walianzia mjini. Mwishoni mwa mwaka 1860 padri Armand Fava aliwasili Zanzibar kutoka kisiwa cha Réunion akiwa pamoja na Mabinti wa Maria, shirika lililoanzishwa kisiwani humo na lililowapokea pia wanawake waliokuwa watumwa, na masista hao wakaanza kuhudumia wagonjwa na watoto waliokombolewa utumwani katika mji uliokuwa kitovu cha biashara ya watu. Mwaka 1903 Mama Kevin Kearney, Mfransisko kutoka Ireland, alifika Nsambya, Kampala, na wenzake watano, wakaanza kutibu wagonjwa katika eneo ambalo leo lina hospitali kubwa, na mwaka 1923 akaanzisha Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko kwa ajili ya wasichana Waafrika. Kabla ya shirika hilo, mwaka 1910, Bannabikira walikuwa wameanzishwa huko Buganda, wakiwa miongoni mwa mashirika ya kwanza kabisa ya masista Waafrika kusini mwa Sahara. Shirika la kimishonari kutoka ng'ambo lilipoanza kazi, mara nyingi lilifuatwa na shirika la wenyeji, ambalo baadaye ndilo lililobeba mzigo mkubwa zaidi.

Gusii iliingia katika historia hiyo mwaka 1911, Wamisionari wa Mill Hill walipofungua misheni ya Nyabururu karibu na mji wa Kisii, mwaka mmoja kabla ya Waadventista Wasabato kujenga Nyanchwa. Misheni zote mbili ziliporwa mwaka 1914 katika vurugu zilizofuata mapigano ya Waingereza na Wajerumani mjini Kisii, lakini zilijengwa upya, na tangu hapo maisha ya kidini ya Abagusii yameegemea sana makanisa hayo mawili. Jimbo Katoliki la Kisii liliundwa mwaka 1960, askofu wake wa kwanza akiwa Maurice Otunga, ambaye baadaye alikuwa kardinali wa kwanza wa Kenya na ambaye katika uzee wake alichagua kuishi Nyumba ya Wazee jijini Nairobi, makao ya wazee maskini yanayoendeshwa na Masista Wadogo wa Maskini. Masista Wafransisko wa Mtakatifu Yosefu, ambao nyumba mama yao, yaani makao makuu ya shirika, iko Asumbi, walikuwa ndani ya jimbo hilo hadi mwaka 1993, Homa Bay ilipofanywa jimbo linalojitegemea.

Wito wa usista haukupokelewa kwa urahisi katika jamii ya Abagusii. Kwa mila, ng'ombe wa mahari waliopokewa kwa binti ndio waliomwezesha kaka yake kuoa, na mwanamke alipata nafasi yake katika ukoo kwa kuzaa watoto, hasa wa kiume. Msichana aliyeomba kuingia utawani alikuwa, machoni pa wazee, akimnyima kaka yake mke na kujinyima mwenyewe jina. Elimu ndiyo iliyolegeza mkazo huo hatua kwa hatua, kwa kuwa wazazi waliwaona masista wakirudi wakiwa walimu wakuu na wauguzi, na wakaanza kuutazama usista kama njia ya heshima kwa binti.

Mukuru: kazi iliyoanza kwa shule

Mukuru ni mkusanyiko wa mitaa ya mabanda kusini-mashariki mwa Nairobi, kandokando ya Eneo la Viwanda na Mto Ngong, ukijumuisha Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, pamoja na vijiji vilivyo karibu na South B. Watu walivutwa huko na vibarua vya viwandani, na sehemu kubwa ya ardhi, kwa hati, ni mali ya watu binafsi na makampuni, kwa hiyo mpangaji humlipa mwenye banda, mwenye banda naye hana hati, na serikali kwa miaka mingi ilisita kupeleka mabomba na mitaro mahali ambapo kisheria hapakutambuliwa kuwa mtaa. Matokeo yake ni kwamba maskini hulipa zaidi, kwa sababu maji ya mtungi na umeme wa kuunganishwa kienyeji huuzwa kwa bei iliyo juu kuliko ile anayotozwa mkazi wa mtaa wa kifahari mwenye mita.

Masista wa Huruma kutoka Ireland walifika Kenya katika miaka ya 1950, na mwaka 1962 wakafungua Hospitali ya Mater huko South B, jirani kabisa na mahali ambapo Mukuru ingekua. Mwaka 1985 Sista Mary Killeen na wenzake walianza kazi ndani ya mtaa wenyewe, na kazi hiyo ikazaa Mukuru Promotion Centre, kituo kinachoratibu huduma zao hadi leo. Walianza na elimu, kwa kuwa mtoto wa Mukuru alifungiwa nje ya shule za jiji na mambo mengi kwa pamoja: ada, sare, umbali, njaa na kutokuwa na cheti cha kuzaliwa.

Namna walivyolikabili tatizo hilo inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa maana ndiyo siri ya kudumu kwao. Wangeweza kujenga shule binafsi za misaada, lakini walichagua njia ya ushirika na serikali, ambapo masista walitafuta ardhi na fedha za majengo, shule zikasajiliwa kuwa za umma, na walimu wakalipwa na serikali. Shule za msingi za Mtakatifu Bakhita, Mtakatifu Katerina na Mtakatifu Elizabeti zilikua kwa mfumo huo. Katika sheria ya Kenya nafasi ya Kanisa katika shule ya namna hii huitwa ufadhili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mfadhili haki ya kuwakilishwa katika usimamizi wa shule na wajibu wa kutunza maadili na mwelekeo wake wa kiroho, bila kuifanya shule kuwa mali yake. Serikali ilipofuta ada za shule za msingi Januari 2003 na watoto wakafurika madarasani kote nchini, mtaa wa Mukuru ulikuwa tayari na shule za umma za kuwapokea, jambo ambalo mitaa mingi ya mabanda haikuwa nalo.

Shule peke yake haikutosha, na kila pengo lililoonekana lilizaa huduma nyingine. Mtoto mwenye njaa hawezi kusoma, kwa hiyo chakula cha mchana kikawa sehemu ya shule. Mtoto aliyetoroka nyumbani na kuishi barabarani hawezi kuingizwa darasani siku hiyohiyo, kwa hiyo kikaanzishwa kituo cha kuwalea na kuwaandaa wavulana wa mitaani kabla ya kuwarudisha kwa familia na shuleni. Mtoto mwenye ulemavu alihitaji walimu na vifaa vyake, kijana aliyemaliza darasa la nane alihitaji sekondari au mafunzo ya ufundi, na mama mjamzito alihitaji kliniki iliyo karibu. Maafisa wa ustawi wa jamii, wengi wao walei, yaani waumini wasio watawa wala makleri, huzunguka nyumba kwa nyumba kuchunguza nani mwenye shida ya kweli, kwa maana katika mtaa ambao kila mtu ni maskini, kugawa msaada bila kumjua mtu huzua ugomvi na upendeleo.

Wahenga walisema mgeni ni wa siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Masista wa Mukuru walilishika jembe hilo na hawakuliachilia, na kukaa kwao kulikuwa na faida ambayo haiandikwi katika ripoti za miradi. Tangu mwaka 1985 mtaa umepitia janga la Ukimwi, ambalo serikali ililitangaza kuwa janga la taifa mwaka 1999. Umepitia kutangazwa kuwa Eneo Maalumu la Mipango na Kaunti ya Nairobi mwaka 2017, hatua iliyohusu kaya zipatazo 100,000. Umepitia ubomoaji wa Mukuru kwa Njenga wa Novemba 2021, uliowaacha maelfu ya watu bila makao, na mafuriko ya mwaka 2024. Katika kila tukio waliohitaji kukimbilia mahali walikuwa na shule, kliniki na watu waliowajua kwa majina, na serikali na mashirika ya misaada yalipata mahali pa kuanzia.

Masista pia wamejifunza kudai haki, mbali na kutoa huduma. Mfano unaojulikana ni wa Nyumbani, makao ya watoto wenye virusi vya Ukimwi yaliyoanzishwa Nairobi mwaka 1992 na padri Mjesuiti Angelo D'Agostino pamoja na Sista Mary Owens wa shirika la Loreto. Shule za umma zilipowakataa watoto hao, makao yaliipeleka serikali mahakamani, na mwanzoni mwa mwaka 2004 ikakubaliwa kwamba wapokewe shuleni kama watoto wengine. Chama cha Masista wa Kenya, kilichoundwa mwaka 1962 kuyaunganisha mashirika ya kitawa ya wanawake, nacho kina tume yake ya haki na amani.

Mipaka ya kazi hii

Sifa hizi zisifiche udhaifu uliopo. Sehemu kubwa ya majengo na chakula cha shule hutegemea fedha kutoka Ulaya na Marekani, na fedha hizo zilifuata uhusiano wa masista wa kigeni na nchi zao. Masista hao sasa ni wazee, na mashirika yao huko Ireland na Uholanzi hayapati wasichana wapya, ilhali masista Waafrika wanaochukua nafasi zao hawana ndugu na marafiki wenye uwezo wa kuchangia kwa kiwango hicho. Ndiyo sababu mashirika mengi ya Afrika Mashariki yameingia katika kilimo, shule za kulipia na nyumba za wageni ili kupata kipato, na hapo huzuka mvutano wa kweli, kwa kuwa sista anayeendesha shule ya ada kubwa ili kuisaidia zahanati ya maskini anaweza, pole pole, kujikuta akiwahudumia wenye nacho.

Udhaifu wa pili ni wa ndani ya Kanisa. Masista wamefanya kazi nyingi za parokia na majimbo kwa posho ndogo au bila malipo, na maamuzi makubwa juu ya ardhi na majengo wanayoyatumia mara nyingi yamekuwa mikononi mwa wengine. Wengi walitumwa kazini kabla ya kupata elimu ya kutosha, na ni katika miongo ya karibuni tu ambapo juhudi kubwa zimefanywa kuwapeleka vyuoni, jambo lisiloepukika kwa sababu mwalimu leo lazima asajiliwe na Tume ya Huduma kwa Walimu, na muuguzi lazima awe na leseni ya Baraza la Wauguzi, awe amevaa shela au la.

La tatu linahusu makao ya watoto. Kwa zaidi ya karne moja masista wamewalea mayatima katika nyumba kubwa, lakini utafiti katika nchi nyingi umeonyesha kwamba mtoto hukua vizuri zaidi katika familia, na kwamba wengi wa wanaokaa katika nyumba hizo wana mzazi au jamaa aliye hai, ila ni maskini. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 na mkakati wa taifa wa mageuzi ya malezi vimeelekeza kwamba mtoto arudishwe kwa familia, na Chama cha Masista wa Kenya kimeanzisha mpango wa kuyasaidia mashirika kugeuza makao yao yawe vituo vya kuzisaidia familia. Mageuzi haya ni magumu, kwa maana yanamtaka sista aliyezoea kuwa mama wa watoto mia moja awe mshauri wa akina mama mia moja.

Nini maana yake kwa Kenyenya

Nyumba ya masista haifunguliwi kwa hamu ya waumini pekee. Sheria za Kanisa zinataka askofu wa jimbo atoe kibali cha maandishi kabla shirika halijaanzisha jumuiya, na shirika lenye busara huuliza maswali matatu kabla ya kukubali: kuna hati ya ardhi, kuna kazi inayolipa mshahara wa sista mmoja au wawili ili mfuko wa jumuiya usimame, na kuna walei walio tayari kuishika kazi pamoja nao. Jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele cha kichungaji tangu miaka ya 1970, ndizo zinazoweza kulijibu swali la tatu, kwa kuwa zinamjua mjane mgonjwa wa kila ploti na mtoto asiyekwenda shule.

Katiba ya mwaka 2010 imebadilisha pia mlango wa kubisha. Afya ya msingi, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijana na mipango ya miji midogo sasa ni kazi za kaunti, ilhali shule za msingi na sekondari zimebaki kwa serikali ya kitaifa. Ushirika uliojengwa Mukuru na halmashauri ya jiji na wizara ungejengwa Kenyenya hasa na Serikali ya Kaunti ya Kisii, na pale ambapo kuna hospitali ya kaunti ndogo, sista muuguzi hana haja ya kujenga nyingine, bali anaweza kufanya kazi ndani yake na kuwafuata wagonjwa wake vyumbani mwao baada ya kuruhusiwa kutoka wodini.

Kuna tofauti moja inayoipa Kenyenya nafuu ambayo Mukuru haikuipata. Masista wa Mukuru waliingia katika mtaa uliokwisha kujaa, ambapo kila mita ya ardhi ilikuwa na mdai wake, na nguvu nyingi zilitumika kutafuta mahali pa kuweka darasa. Mji wa Kenyenya bado ni mdogo, viwanja vyake vya umma vinaweza bado kutambuliwa na kulindwa, na wapangaji wake wengi wangali na ukoo ulio umbali wa safari fupi ya bodaboda. Parokia, kaunti na shirika la kitawa zikikubaliana mapema juu ya kiwanja cha shule na cha zahanati kabla ya ploti za kukodisha kukizunguka, kazi iliyowachukua masista wa Nairobi miaka mingi ya kuomba na kuhojiana inaweza kufanywa Kenyenya kwa hati moja ya ardhi.